Kovu la Koplo

Siku wazee waliopigana vita vya mpakani walipoitwa kwenda kuvishwa nishani, Koplo aliondoka nyumbani na msafara kama wa bwana harusi. Mbele alikuwa yeye mwenyewe, ndani ya koti ambalo mkewe alilifumua mishono na kulishona upya ili kitambi kipate pa kukaa. Nyuma yake walifuata mkewe, binti yao, kinyozi wa jirani, muuza mkaa, na watu wengine ambao hata hakuwajua vizuri ila walikuwa wamesikia kutakuwa na soda.

Koplo alikuwa fundi wa zipu. Ukiharibikiwa na zipu ya suruali, ya begi au ya gauni katika mtaa ule, ulikwenda kwenye cherehani yake iliyokuwa barazani mwa duka la vifaa, na wakati akikushonea ulisimuliwa vita, utake usitake. Kwa hiyo kila mtu mwenye suruali alijua kwamba Koplo alikuwa askari wa mawasiliano, kazi yake kutandaza waya wa simu kutoka handaki moja hadi jingine, na kwamba alipigwa risasi. Mahali alipopigwa hakupaficha.

"Makalioni," alikuwa akisema, pini amezibana midomoni. "Adui alikuwa na shabaha nzuri, na mimi nikampa shabaha pana."

Uwanjani waliitwa kikosi kwa kikosi. Wakaitwa askari wa miguu, wakaitwa wa mizinga, wakaitwa wa mawasiliano. Koplo alikuwa amekwisha kunyanyua nusu ya makalio kutoka kitini, akabaki hivyo hivyo hewani mpaka jina la mwisho la mawasiliano likapita. Lake halikutajwa. Akakaa. Wakaitwa wapishi, wakaitwa madereva. Mwishowe msemaji akasema, "Na sasa, wazee wetu wa bendi," na jina la kwanza kutoka kwenye kipaza sauti likawa la Koplo.

Alisimama kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umesimama na unapiga makofi. Alitembea kwenda mbele akijiambia kwamba msemaji amechanganya karatasi, na kwamba makosa kama hayo hurekebishwa kwa kunong'onezana. Lakini kabla hajapata wa kumnong'oneza, ofisa mmoja kijana mwenye tabasamu la heshima akamwekea tarumbeta mikononi.

"Mzee, tumewaandalia kitu kidogo," ofisa akasema. "Mtapiga wimbo mmoja tu, wa kuwakumbuka wenzetu."

Mtu mwenye akili angerudisha tarumbeta. Koplo alitazama nyuma, akamwona kinyozi anampungia mkono na muuza mkaa amemnyanyua mtoto wa watu mabegani ili aone vizuri. Akapuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Jenerali mmoja alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba. Koplo, akidhani labda pumzi ya kwanza huwa ni ya kupashia chombo moto, akapuliza tena. Safari hii mbuzi alikuwa amekufa.

Njia nzima ya kurudi watu waliuma midomo. Walipofika kwenye kona ya mtaa, muuza mkaa akashindwa kujizuia. "Koplo, kumbe vita vile mliwashinda kwa kuwapulizia!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Koplo akacheka kuliko wote. Kesho yake hakuna aliyemwita Koplo tena. Wateja walifika na zipu zao wakiuliza, "Tarumbeta yupo?" Naye aliitikia, "Yupo, ila amepungukiwa pumzi."

Aliyekataa kucheka alikuwa mkewe. Alisubiri wiki ipite, akamwekea chai mezani, akakaa mbele yake bila kujimiminia yake.

"Baba watoto, wewe unajicheka tangu nikujue," alisema. "Sikukatazi. Lakini siku ukifa jeshi litakuja hapa na jalada lao, litasoma mbele ya wajukuu zangu kwamba babu yao alikuwa mpiga tarumbeta na risasi hajawahi kuisikia. Na mimi kovu hilo nimeliona miaka yote hii. Nimelipaka mafuta. Utakwenda hiyo ofisi."

"Nikawaambie nini? Kwamba nadai heshima ya makalio yangu?"

"Kawaambie hivyo hivyo."

Akaenda.

Ofisi ya kumbukumbu za utumishi ilikuwa na dirisha moja lililofanya kazi na mengine yaliyozibwa kwa makabati. Nyuma ya dirisha alikaa karani wa kike, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, aliyeitikia salamu bila kuinua macho lakini akasikiliza kila neno. Alikwenda nyuma, akakaa sana, akarudi na majalada mawili yenye vumbi akiyapuliza pembeni.

"Mzee, mko wawili," alisema. "Jina moja, mwaka mmoja wa kuandikishwa. Mmoja mawasiliano, mmoja bendi. Mtu alipohamisha karatasi akawachanganya. Mwenzako amefariki siku nyingi. Hapa inaonekana alikuwa na nishani ya kujeruhiwa vitani."

"Alijeruhiwa?"

"Hapana. Uliyejeruhiwa ni wewe."

"Basi amezikwa na risasi yangu," Koplo akasema. "Mungu amrehemu. Natumaini haikumsumbua."

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza, na pembe moja ya mdomo wake ikacheza. Lakini kazi ni kazi. Alimweleza kwamba yeye anamwamini, tatizo ni kwamba jalada halimwamini, na jalada haligeuzwi kwa maneno matupu. Bodi ya marekebisho ingekaa. Ilihitaji shahidi aliyekuwepo vitani, na ilihitaji daktari wa bodi alione kovu.

"Kovu lenyewe liko wapi?" aliuliza, kalamu tayari.

Koplo aligeuka akatazama foleni nyuma yake. Kulikuwa na wajane wawili na mzee mmoja mwenye fimbo, wote wametega masikio.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "niandikie tu kwamba ni kovu la faragha."

Shahidi ndiye aliyempa shida. Kapteni wao alikuwa amefariki. Wenzake wengine walikuwa wametawanyika au wametangulia. Aliyebaki, na ambaye kila mtu alijua anapoishi, alikuwa Sajini, na Koplo angeona afadhali kumwomba adui aliyempiga risasi. Sajini hakuwahi kumpenda. Jeshini alimwadhibu mara nyingi kwa kosa moja tu, kuwachekesha wenzake kwenye gwaride, na wakati mwingine alimwadhibu asubuhi kabla hajachekesha, ili mambo yaishe mapema.

Alimkuta Sajini uani kwa bintiye, amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya kuku, anawakemea. Alikuwa amekonda, magoti yake yamekuwa makubwa kuliko mapaja, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Waya!" alifoka. Hilo ndilo lilikuwa jina la Koplo vitani.

"Naam, afande!" Na kabla hajafikiri, Koplo akajikuta amekakamaa wima, visigino pamoja, kitambi kimetangulia mbele, kuku wanamkodolea macho.

"Bado unachekesha watu?"

"Siku hizi wanacheka wenyewe, afande. Mimi sina kazi ya kufanya."

Sajini alisikiliza habari yote, ya tarumbeta, ya jalada, ya bodi. Hakucheka hata mara moja. Mwisho alimfukuza jogoo aliyekuwa anamdonoa kiatu, akasema, "Nitakuja. Lakini nitasema nilichokiona mimi. Sitasema hayo unayosimulia kwenye zipu."

Koplo alipanda basi la kurudi. Hakujua habari za zipu zilimfikiaje. Na alijua kabisa, ingawa hakutaka kulitazama jambo hilo usoni, Sajini alikuwa na maana gani.

Siku ya bodi mkewe alimwamsha mapema na kumkabidhi chupi mpya, bado ina lebo. "Kama ni lazima serikali ikutazame," alisema, "isikute tambara." Alimpigia pasi koti, akampigia pasi suruali, akachukua na chupi pia akaipiga pasi.

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa ikilalamika juu ya dari, na pazia la kijani kwenye kona. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, kanali mstaafu, nywele zake fupi zimeanza mvi. Kulia kwake alikaa daktari, kushoto karani yule yule wa dirishani, akiandika. Sajini aliketishwa pembeni, mikono yake juu ya fimbo.

Daktari alimwita Koplo nyuma ya pazia. Ukasikika mkanda unafunguliwa, kisha pumzi ya mzee anayejitahidi kuinama.

"Ni kovu la risasi, bila shaka," sauti ya daktari ikasema. "Iliingia kwa nyuma."

"Ndiyo, daktari. Wakati huo nilikuwa naelekea nyumbani."

Karani aliacha kuandika. Mwenyekiti alishika glasi yake ya maji, akanywa polepole mpaka uso wake ukatulia. Koplo alipotoka nyuma ya pazia akifunga mkanda, mwenyekiti alimwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe yaliyotokea siku ile. Alisema kuna dokezo kwamba marehemu Kapteni alikusudia kumpendekeza kwa nishani ya ushujaa, ila pendekezo lenyewe halionekani katika jalada lolote kati ya mawili.

Koplo alisimama akawasimulia kama alivyosimulia kwenye cherehani kwa miaka yote. Walikuwa wameshika daraja. Waya wa simu uliokwenda kwa wapiga mizinga ulikuwa umekatika, na bila simu mizinga haikujua ipige wapi. Kombora likaanguka karibu yake, likamziba masikio. Dunia ikawa kimya kabisa. Yeye, mjinga, akadhani vita vimekwisha.

"Nikanyanyuka, mheshimiwa, nikaufuata waya wangu wima, kama mtu anayekwenda dukani kununua sukari. Nilishangaa tu kwa nini wenzangu wamelala. Nikasema moyoni, jeshi hili halina nidhamu. Nikafika, nikaunga waya, nikarudi. Njiani kamba ya buti ikafunguka. Nikainama kuifunga. Hapo ndipo adui alipopata nafasi ya maisha yake."

Daktari alikuwa amejiinamia, mabega yanamtikisika. Mwenyekiti naye alicheka waziwazi, akajifuta jicho.

"Kwa hiyo, mheshimiwa, naomba mnirudishe kwenye mawasiliano, na risasi yangu mnirudishie, maana niliilipia kwa nyama yangu mwenyewe. Lakini ushujaa msiniandike. Niandikeni kiziwi."

"Shahidi," mwenyekiti akasema, tabasamu halijamtoka, "unathibitisha?"

Sajini alisimama kwa shida. Karani alitaka kumwambia anaweza kuzungumza amekaa, akamtazama, akaghairi.

"Nathibitisha alikuwa kiziwi," Sajini alisema. "Hakuwa kipofu."

Feni ilizunguka. 

"Vumbi lilikuwa linaruka mbele ya miguu yake, mheshimiwa. Pande zote. Majani yalikuwa yanakatika juu ya kichwa chake na kumwangukia mabegani. Mtu anayeona hivyo hadhani vita vimekwisha. Na aligeuka. Mimi nilikuwa handakini, nikampungia mkono arudi, hivi. Akaniona. Mimi na yeye tulitazamana kama ninavyokutazama wewe. Akanionyesha waya kwa kidole, akaendelea na safari yake. Ilikuwa amri yangu, na hakuitii, na mpaka leo sijamwadhibu kwa hilo, kwa sababu waya ule ulipoungwa mizinga ikapiga, na mimi leo nina kuku na wajukuu."

"Afande..." Koplo alianza.

"Nyamaza, Waya. Nimekusikiliza, sasa nisikilize. Mheshimiwa, hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenzake, tukimwita Kijiti, kijana mwembamba kuliko fimbo hii. Kijiti alibeba roda, gurudumu lililoviringishwa waya, nyuma yake. Roda ilikuwa nzito kuliko yeye. Na Kijiti masikio yake yalikuwa mazima. Alisikia kila risasi. Walipokuwa wanarudi, Kijiti akapigwa wa kwanza. Huyu hakuinama kufunga kamba ya buti. Aliinama kumnyanyua Kijiti. Akapigwa hapo alipopigwa, akamnyanyua hivyo hivyo, akaja naye mpaka kwangu. Nilimpokea mimi. Kijiti alikuwa amekwisha kata roho."

Sajini akakaa.

Koplo alikuwa anatazama kamba za viatu vyake. Alitaka kusema kitu. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama ulivyozoea, umejiandaa kutoa utani, na utani ukakosekana. Alikumbuka wodi ya hospitali ya jeshi, vitanda vimepangwa mpaka mlangoni, na mwenzake wa kitanda cha pili, aliyepoteza mguu, akimwuliza kwa nini yeye analala kifudifudi. Alimjibu kwa mzaha, na yule mtu akacheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Kesho yake wodi nzima ikataka kusikia. Kila aliposimulia, kamba ya buti ilizidi kurefuka na Kijiti akazidi kupungua, mpaka siku moja Koplo alimaliza hadithi na kugundua kwamba Kijiti hayumo. Na hadithi ilikuwa imesimama vizuri bila yeye, na usiku ule Koplo alilala usingizi.

"Ni kweli, mzee?" mwenyekiti aliuliza kwa upole.

"Ni kweli, mama."

Mwenyekiti alimtuma karani akatafute jalada la Kijiti, ili maelezo yalinganishwe. Wakangoja. Chai ikaletwa, hakuna aliyeinywa. Karani alirudi na jalada jembamba sana. Mwenyekiti akalisoma kimya, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena kwa sauti: askari huyu alifariki katika ajali ya gari, siku ile ile ya mapigano ya daraja.

"Gari!" Sajini alisema. "Gari lipi? Hatukuwa hata na baiskeli."

Koplo alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Siku ya tarumbeta hakukasirika. Dirishani hakukasirika. Sasa sauti iliyomtoka hakuitambua. "Mheshimiwa, mimi niacheni na bendi yangu. Mrekebisheni huyu."

"Wewe tutakurekebisha leo," mwenyekiti akasema. "Yeye hatuwezi bila ombi la familia. Ana mtu?"

"Ana dada yake," Koplo akasema.

Bodi ilimrudisha Koplo kwenye mawasiliano siku hiyo hiyo, na ikamwandikia jeraha lake. Nishani ya kujeruhiwa alikabidhiwa baadaye kwenye dirisha lile lile, ndani ya bahasha, akitia saini. Habari ya ushujaa ilipelekwa ngazi za juu, na kila anapouliza anajibiwa kwamba inashughulikiwa. Mtaani wamegawanyika. Kinyozi amerudi kumwita Koplo. Muuza mkaa anasema jina likishanata limenata.

Lakini jambo la kwanza alilofanya, hata kabla bahasha haijatoka, lilikuwa kumtafuta dada yake Kijiti. Alikuwa mwalimu mstaafu, anaishi peke yake kwenye nyumba yenye ukuta mweupe na maua kwenye makopo. Koplo alikwenda na mkewe. Hakuwahi kumwona dada huyo, kwa sababu siku ya mazishi yeye alikuwa bado wodini; jeneza, aliambiwa, lilikuja limefungwa na watu wa jeshi walisema maneno machache wakaondoka.

Walikaribishwa, wakaketishwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Koplo aliweka fomu ya ombi mezani, akakohoa.

"Dada, mimi ndiye yule niliyepigwa risasi mahali pasipotajika," alianza. "Nikikaa upande mmoja usinishangae..."

Dada hakucheka. Alikaa mikono mapajani, akisubiri, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi amalize upuuzi ili somo lianze. Mkewe akamkanyaga Koplo mguu.

Akaanza upya. Alieleza daraja, waya uliokatika, kombora. Alieleza mkono wa Sajini ukiwaita warudi, na kwamba yeye ndiye aliyekataa, na Kijiti akamfuata. Alieleza uzito wa roda. Alieleza alivyomwinua, na kwamba hakuwa mzito hata kidogo. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu njia hiyo hakuwa ameipita siku nyingi, na mara kadhaa ilimbidi asimame kabisa. Mkewe, aliyedhani anaijua habari ile kuliko sala zake, alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameuondoa mguu wake juu ya mguu wa mumewe, na amemwekea mkono gotini.

Alipomaliza, dada aliitazama fomu.

"Mama yetu alikufa akiyachukia magari," alisema. Kisha akauliza, "Alikuwa anaogopa?"

Koplo alifikiri. Angeweza kusema hapana. Ndilo jibu watu hupewa.

"Sana, dada. Na mimi pia. Nilikuwa sisikii kitu, lakini kila nikigeuka kumtazama nilikuwa naona midomo yake inakwenda. Inakwenda bila kupumzika, macho yamemtoka, roda begani. Nimefikiri sana alikuwa anasema nini. Sina uhakika. Ila nadhani alikuwa ananitukana."

Dada alimtazama. Kitu kikamtikisa kifuani, akajaribu kukizuia kwa kiganja, kikamshinda. Alicheka mpaka machozi yakamtiririka, na akayaacha yatiririke.

"Huyo ndiye yeye," alisema. "Huyo ndiye yeye kabisa. Alikuwa na mdomo mchafu!"

Alijifuta kwa upindo wa khanga, akavuta miwani yake kutoka dirishani, akaisogeza fomu karibu.

"Haya," alisema. "Nionyeshe ninapoandika."